King'ora cha Mnara Namba Tatu

Sehemu ya Kumi na Moja

Simu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema.

Kune alisikia pumzi tu. Haikuwa pumzi ya Mzee Makarius. Mzee Makarius akipokea simu hukohoa kwanza, halafu huuliza "Nani mwenzangu?" hata kama jina lako limeandikwa pale kwenye kioo. Huyu alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anahema kama aliyetoka kubeba kitu kizito.

"Haloo, Mzee? Shikamoo. Ni mimi, Kune."

Kimya. Pumzi.

"Makarius!" Gaspari, bosi wake, akanguruma juu ya bega lake. "Wewe Makarius! Umelala kazini?"

Simu ikakatwa.

Kune akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga mara ya tatu, ikawa vile vile.

Kama wiki iliyopita ulikuwa shambani na gazeti halikukufikia, msomaji, habari ni fupi. Kunegunda, ambaye wote wanamwita Kune, ni fundi katika kampuni ndogo ya intaneti hapa Songea mjini. Kampuni hiyo hurusha mawimbi kutoka mnara hadi mnara, kilima hadi kilima, mpaka zahanati na shule za vijijini zipate mtandao. Mnara Namba Tatu umesimama peke yake juu ya kilima, kando ya barabara ya Namtumbo. Mlinzi wake ni Mzee Makarius, mtu wa miaka sitini na tisa, mwenye rungu, tochi na redio ya mkono. Asubuhi hii kompyuta ya Kune ilionyesha kwamba mlango wa kabati la mitambo pale mnarani umefunguliwa, na haujafungwa.

"Tangu saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili," Kune alisema. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. "Bosi, ni zaidi ya saa tatu na nusu."

"Mlango huo unafunguliwa kila siku. Si wewe mwenyewe uliyeniambia ni upepo?"

Kune akainamisha kichwa.

Ndiyo, alisema ni upepo. Alidanganya, na sasa uongo ule ulikuwa umekaa kifuani pake kama jiwe.

Upepo haukuhusika. Kijiji kilichopo chini ya kile kilima hakina umeme, na watu wake wana simu. Kwa hiyo kila asubuhi walimpelekea Mzee Makarius simu zao, naye aliziingiza kwenye kabati la mitambo na kuzichaji kwa betri za sola za mnara. Akileta mtu simu, mlango unafunguliwa. Akija kuichukua, mlango unafunguliwa. Mara ishirini, mara thelathini kwa siku. Na kila mlango ulipofunguliwa, ujumbe ulikwenda kwenye simu ya Gaspari.

"Nilikuwa kwenye foleni ya komunyo!" Gaspari alifoka siku ile ya mwezi wa sita. "Simu ikalia! Padri amenitazama mpaka nimesahau kufungua mdomo! Kune, nyamazisha huo mlango!"

Kune angeweza kusema ukweli. Mzee Makarius angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Basi akafanya jambo dogo, jambo la huruma, jambo la dakika mbili kwenye kompyuta.

Mitambo ile huandika kila kitu kinachotokea, na kila tukio hupewa uzito wake. Kuna ngazi nne. Ya chini kabisa ni taarifa: tukio linaandikwa, basi, hakuna anayesumbuliwa. Juu yake kuna tahadhari, halafu hatari. Ya mwisho ni hatari kubwa: hapo simu za wote zinalia, na king'ora kilichofungwa juu ya mnara kinapiga mpaka kijiji kizima kisikie.

Mlango wa kabati ulikuwa kwenye hatari kubwa, ila king'ora chenyewe kilikuwa hakijafungwa siku zile. Kune akaushusha mpaka taarifa. King'ora kilipokuja kufungwa mwezi wa saba, hakumbuki kama aliuwaza tena ule mlango.

Na leo mtu amefungua, na mnara umekaa kimya.

"Ngoja nisome kilichofuata," alisema.

"Soma kwa sauti," Gaspari akamwambia. "Na wewe Asma, acha kutafuna, njoo usikilize."

Asma, msichana wa mapokezi, akaja na mfuko wake wa karanga. "Mimi hayo mambo ya mitambo siyajui, lakini kama kuna mwizi nataka kumjua."

Kune akashusha ukurasa. Mistari ya matukio ilikuwa imepangwa mmoja chini ya mwingine.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, mlango umefunguliwa. Saa kumi na mbili na dakika thelathini, mtu amejaribu kuingia kwenye mtambo, neno la siri si sahihi. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja..."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari.

"Endelea," Gaspari alisema.

"Ameingia."

"Kwa jina la nani?"

Kune aliangalia ule mstari. Akausoma mara mbili. Alitamani herufi zibadilike.

"Kwa jina langu."

Asma akaacha kutafuna.

"Kwa jina lako," Gaspari akarudia polepole. Alizunguka meza, akasimama mbele yake. "Saa kumi na mbili na nusu leo ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, bosi. Bombambili. Nilikuwa nachota maji, mama yangu shahidi."

"Nani anajua neno lako la siri?"

Hapa, msomaji, naomba umwonee huruma huyu binti, kwa sababu ndipo alipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa kubwa kuliko lile la mlango.

Neno lake la siri lilikuwa namasakata, pamoja na tarakimu mbili. Namasakata ni kijijini kwao Majidi, huko Tunduru. Majidi ndiye fundi wa kupanda minara, kijana mpole mwenye kicheko cha chinichini. Kune alikuwa anampenda huu mwaka wa pili, na hajawahi kumwambia lolote zaidi ya "umekula?" na "funga mkanda vizuri huko juu."

Mwaka jana, Majidi akiwa mnarani na akaunti yake imegoma, alipiga simu kuomba neno la siri la Kune. Kune akalitaja kwa sauti ndogo. Upande wa pili kukawa kimya kidogo. Kisha Majidi akasema tu, "Sawa, nimeingia." Hawakulizungumzia tena.

Sasa angesemaje? Angelitaja neno lile mbele ya Asma, ambaye habari zikimwingia asubuhi, jioni ziko mtaani Lizaboni? Tena Majidi mwenyewe yuko likizo, amekwenda kumsaidia mama yake kuokota korosho. Hawezi kuwa yeye. Kwa nini amtaje?

"Hakuna," Kune alijibu. "Hakuna anayelijua."

"Basi ni wewe."

"Si mimi, bosi!"

"Mashine inasema ni wewe. Mashine haina wivu na mtu."

Kune akakishika kipanya cha kompyuta. Akashuka mpaka mwisho wa ukurasa, kutafuta chochote cha kumwokoa. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa wake kweli: ni yeye alipoingia sasa hivi, hapa ofisini, kuangalia mlango.

Mstari ulisema saa kumi na mbili na dakika arobaini na nane.

Akatazama ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi.

"Asma, nimekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Umekaa sasa hivi. Hata chai yako haijapoa."

Kune akajipiga paji la uso.

Radi. Ile radi ya Jumapili iliyopita! Ilipiga karibu na mnara, mtambo ukazima, ukawaka upya, na saa yake ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Saa za Uingereza. Nyuma ya saa zetu kwa saa tatu kamili. Hakuna aliyekumbuka kuirekebisha.

"Bosi," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mlango haukufunguliwa saa kumi na mbili. Umefunguliwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Ameingia kwenye mtambo saa tatu na nusu. Dakika ishirini zilizopita."

"Unamaanisha nini?"

"Hajaondoka. Yuko pale pale. Na Mzee Makarius yuko naye."

Asma akadondosha mfuko wa karanga.

Hakuna aliyeziokota. Asma alikuwa ameshakimbilia simu ya mezani, anapiga polisi. Alisema maneno mengi kwa haraka, akasikiliza, akaweka mkono juu ya simu.

"Gari linatoka Namtumbo. Wanasema nusu saa, kama njia ya kupandia haijaharibiwa na mvua."

Nusu saa! Kune alimwona Mzee Makarius kichwani mwake: amefungwa kamba, yuko chini, kofia imedondoka. Au yuko chini bila kamba, kwa sababu hahitaji tena kufungwa. Akafumba macho. Picha ikazidi.

"Nipandishe mlango," alisema. "Niurudishe kwenye hatari kubwa. King'ora kitalia hapo hapo. Kijiji kiko chini tu, watafika kwa dakika tano."

"Usiguse!" Gaspari akamkata. "Mwizi akishtuka atavunja mitambo yangu yote. Au atamwumiza huyo mzee. Unataka hilo?"

Kune akaondoa mkono. Hapana, hakutaka hilo. King'ora kikilia, mtu yule anaweza kukimbia. Anaweza pia kumgeukia shahidi pekee aliyeiona sura yake. Kune alikuwa na kitufe kimoja, na kitufe hicho kingeweza kumwokoa mzee au kumwua.

Alisoma tena mistari, polepole, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha ya majeruhi. Mtu yule aliingia saa tatu na nusu. Je, alizima mtambo? Hakuzima. Alifuta kumbukumbu? Hakufuta.

"Amesoma rekodi za betri," Kune alisema kwa mshangao. "Ameingia, amefungua rekodi za betri za miezi mitatu, amesoma moja baada ya nyingine. Mwizi gani anasoma?"

Gaspari akairekebisha tai yake.

Kune naye akazifungua zile rekodi. Betri za Mnara Namba Tatu zilifungwa mpya mwezi wa nane. Majidi alizibeba mwenyewe kilimani, mgongoni. Betri mpya kama zile hushika chaji usiku kucha. Lakini hapa ziliandikwa zinakata baada ya dakika arobaini. Kila usiku, kwa mwezi mzima na zaidi, mtambo ulikuwa umelalamika: betri dhaifu, betri dhaifu, betri dhaifu.

Mbona malalamiko hayo hayakufika kwake?

Akaangalia uzito wake. Taarifa. Mtu aliyashusha mpaka ngazi ya chini, kama yeye alivyoushusha mlango. Na jina la aliyeyashusha lilikuwa limeandikwa pale pale.

"Ni wewe, bosi. Akaunti yako. Siku thelathini na nne zilizopita."

Dirishani pikipiki ilipita na muziki wake.

"Zilikuwa zinanisumbua," Gaspari alisema. "Kama mlango ulivyonisumbua. Wewe umeshusha wako, mimi nimeshusha wangu. Kuna kosa?"

"Lakini betri mpya..."

"Kune!" Akapiga meza. "Mzee Makarius anakufa kule, wewe unanihoji habari za betri? Piga king'ora!"

Kune akamtazama. "Umesema nisiguse."

"Nimebadili mawazo. Polisi watachelewa. Watu wa kijiji kile ni wakali, wakimkuta watamshughulikia wao wenyewe. Pandisha! Unangoja nini?"

Kuna kitu katika sauti yake kilichomtia Kune baridi. Kama angekuwa na dakika tano za kukaa peke yake, angekijua ni nini. Hakuwa nazo. Alikuwa na mzee mmoja juu ya kilima, mzee anayemwita mjukuu, aliyewahi kumpa kofia yake siku ya mvua akasema yeye kichwa chake ni cha zamani, hakilowi.

Akachagua tukio la mlango. Akafungua orodha ya ngazi. Taarifa. Tahadhari. Hatari. Hatari kubwa.

Akabonyeza.

Hapo ofisini hakikusikika kitu. Kilomita zaidi ya hamsini zilikuwa katikati. Kitu pekee kilichoonekana ni mstari mmoja mpya, mwekundu: king'ora kimewaka.

Simu ya Gaspari ikalia. Ya Kune ikalia. Hata ya Asma, ambayo Kune hakukumbuka aliiweka lini kwenye orodha, ikalia ndani ya pochi. Wote watatu wakaruka.

"Yesu na Maria," Asma alisema, na yeye ni Mwislamu.

Dakika moja ikapita. Mbili. Kune alihesabu kwa moyo wake, na moyo ulikuwa unakwenda mbio kuliko saa. Sasa wameshasikia. Sasa wameacha majembe. Sasa wanapanda.

Dakika ya nne, simu ya mezani ikaita.

Asma akaipokea. "Huduma kwa wateja, karibu..." Macho yakamtoka. Alibonyeza spika bila kusema neno.

Kikohozi kikajaa ofisini. Kirefu, chenye mkwaruzo.

"Nani mwenzangu?"

"Mzee Makarius!" Kune alipiga kelele. "Shikamoo Mzee! Uko hai? Wamekuumiza?"

"Marahaba, mjukuu. Nani aniumize? Niko hospitali. Kifua kilinibana tangu alfajiri, nikadhani nakwenda. Nimezinduka sasa hivi, nesi kaniazima simu yake. Namba yenu nimeisoma nyuma ya kitambulisho."

"Hospitali? Hupo mnarani?"

"Nitakuwaje mahali pawili? Nimeletwa na bodaboda. Mnara nimeuacha na mwenzenu."

Kune akashika ukingo wa meza. "Mwenzetu nani?"

"Majidi, nani mwingine! Jana aliniambia anarudi leo na basi la Tunduru. Nilipozidiwa nikampigia, yeye anapita pale chini barabarani. Akashuka, mtoto wa watu, na nguo zake za safari. Simu yake ilizima chaji, nikamwachia yangu. Nilimwambia, mjukuu, mimi siondoki hapa, kabatini mna simu za watu kumi na nane, zikipotea watanila nyama. Akasema nenda Mzee, nitazitoa, nitaziweka kwenye begi langu, nitazipeleka kijijini moja moja."

Mzee akaendelea, hajui anazungumza na nani na nani.

"Halafu akachungulia mle ndani, akaniambia betri zilizomo si zile alizofunga yeye. Ni za zamani, zimepakwa rangi. Kasema ataangalia kwenye mtambo, halafu atakwambia wewe peke yako. Wewe, si bosi. Umenielewa mjukuu? Bosi asijue kwanza."

Simu ya nesi ikakatika. Gaspari alikuwa amesimama pale pale, hatua moja kutoka kwenye spika.

Ndiyo maana Majidi alikata simu. Alikuwa hajapata pumzi ya kumjibu Kune, akaisikia sauti ya Gaspari.

Kune alijirusha kwenye kompyuta. Akaushusha mlango, hatari kubwa mpaka taarifa, kwa kubonyeza kulikokosea mara mbili kabla ya kupatia. Mstari mpya ukatokea: king'ora kimezimwa. Kilikuwa kimelia dakika saba.

Dakika saba! Kijiji kizima kinapanda kilima na mapanga na majembe. Na huko juu watamkuta kijana mgeni, hana kofia ya kazi, hana fulana ya kampuni, ametoka kwenye kabati lililo wazi, na begi lake limejaa simu zao.

"Majidi," alisema, na hilo jina halikuwahi kumtoka kwa sauti kubwa namna ile. "Mungu wangu, Majidi."

Akaipigia simu ya mzee kwa simu yake ya mkononi, akaweka spika. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

Safari hii haikuwa pumzi. Zilikuwa kelele za watu wengi, sauti za wanaume zinazopandana, mwanamke mmoja akilia "Simu yangu! Simu yangu hiyo!" Kisha sauti nzito ya mwanamke ikaja karibu.

"Nani wewe unayempigia mwizi?"

"Shikamoo mama. Naitwa Kunegunda, fundi wa huo mnara, nipo Songea. Tafadhali mama, msimpige. Si mwizi. Ni fundi wetu, anaitwa Majidi."

"Mimi ni Mwanne, mwenyekiti wa kitongoji. Na yeye kasema hivyo hivyo, fundi. Wezi wote siku hizi ni mafundi. Tumemkuta na begi, dada. Simu kumi na nane. Ya mama mkwe wangu imo! Na Mzee Makarius haonekani. Tumeita, haitiki. Kamwua akamtupa wapi?"

"Mzee yuko hospitali! Ameumwa! Nimeongea naye sasa hivi!"

"Kwa simu ipi? Simu yake si ndiyo hii nimeishika mimi?"

"Kwa simu ya nesi! Asma, mpigie tena nesi, haraka!"

Asma alikuwa ameshapiga. Akatikisa kichwa, machozi yanamlenga. "Inatumika."

"Sikiliza, dada," Mwanne alisema, na sauti yake ilishuka kidogo, ikawa ya mtu aliyechoka. "Mimi sitaki damu hapa. Nimesimama mbele yake, na vijana wananisukuma. Lakini wewe sikujui. Mwezi uliopita waliiba ng'ombe, na mwanamke akapiga simu hivi hivi, akalia hivi hivi, tukawaachia. Kumbe mke wa mwizi. Mnara huo una mwenyewe. Alikuja siku ya mkutano, mtu mnene, wa miwani. Sauti yake naijua. Nipe yeye. Akisema anamjua huyu kijana, namwachia. Upesi, sina dakika nyingi."

Kune akageuka.

Hakuwahi kumshika bosi wake hata mkono. Sasa alimshika shati, kwa mikono yote miwili, akamvuta mpaka kwenye simu.

"Mwambie," alisema. "Mwambie unamjua. Nakuomba, bosi. Nifukuze kazi mimi, mfukuze na mzee, sema betri nimeiba mimi, nitakubali. Sema tu unamjua."

Gaspari aliitwaa simu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Asma alikuwa ameziba mdomo kwa mikono.

"Haloo," alisema. "Ni mimi, Gaspari. Mwenye mnara."

"Ndiyo yeye," Mwanne aliwaambia watu wake, na kelele zikapungua. "Haya, mzee. Tuna kijana hapa. Mrefu, mweusi, ana kovu juu ya jicho. Anasema anaitwa Majidi, fundi wako. Unamjua?"

Kabla Gaspari hajafungua mdomo, sauti nyingine ilipenya kutoka mbali, imepasuka, ya mtu anayeongea huku amebanwa shingo.

"Bosi! Ni mimi, bosi! Yale ya betri yaishe, sitasema kitu, naapa kwa Mungu! Waambie tu unanijua!"

Kune alimwona Gaspari akilisikia neno betri. Aliona uso wake ukitulia, kama maji yanavyotulia jiwe likishazama.

"Mama mwenyekiti," Gaspari alisema, taratibu, kwa adabu. "Fundi wangu Majidi yuko likizo, kwao Tunduru. Hajarudi. Huyo mtu simjui."

"Anamjua!" Kune alipiga yowe. "Anamjua, mama! Anadanganya!"

Gaspari aliisogeza simu mbali na mdomo wake, akamziba Kune mdomo kwa kiganja.

Upande wa pili, vijana walianza tena kumsukuma Mwanne.

"Haya," alisema. "Tumesikia."

Na simu ikakatwa.